Ilivyopinda Iachwe

Kuna watu wasioweza kukaa chumba kimoja na kitu kilichokaa upande. Fundi wetu alikuwa mmoja wao. Msibani kwa jirani aliwahi kunyanyuka katikati ya watu wanaolia akaenda kunyoosha saa ya ukutani, na maiti bado yumo ndani. Mkewe akamvuta shati, wapi! Hakukaa mpaka saa ilipokuwa sawa na dirisha.

Ugonjwa huo ndio uliompa riziki. Alikuwa fundi wa mashine za santuri, na kazi yake hasa ilikuwa kuweka sindano. Usicheke. Sindano ya santuri ni ndogo kuliko punje ya chumvi, imeshikwa na kichwa kidogo kilichofungwa kwa skrubu mbili kwenye ncha ya mkono wa mashine, na kichwa hicho kikikaa upande hata kwa unene wa unywele, mwimbaji anaanza kuimba kama mwenye pengo. Fundi alikuwa na pimamaji la kuhakikisha mashine imelala sawa, mizani ya kupima uzito wa sindano, lenzi, kioo kidogo, na karatasi yenye mistari ya kupangia kichwa. Watu walitoka mbali kumletea. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, mtaa mzima unaona.

Chini ya meza ya kazi alikaa binti yake wa pekee, miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa sababu alianza kusema alfajiri na kunyamaza usingizini, na hata huko usingizini si siku zote. Mama yake alisema alimeza redio tumboni. Fundi alilalamika kila siku kwamba mtoto anampigia kelele, na siku Chiriku alipopelekwa kwa shangazi yake, fundi hakufanya kazi hata saa moja. Alisema kumekuwa kimya mno, mikono haikai.

Jumatatu daktari wa meno alileta mashine iliyofungwa kwenye shuka.

"Ya marehemu shangazi yangu," alisema akiiweka mezani. "Miaka kumi na zaidi hakuipiga. Alikuwa anaweka chombo cha maua juu yake."

"Hakupenda muziki?"

"Hakuwa anaongea, sembuse muziki. Alikata kauli ghafla, mtu mzima wa afya, na madaktari hatukuona kitu. Akaishi na kalamu na karatasi mpaka anakufa."

Chiriku alichomoza kichwa. "Daktari, shikamoo. Kuku akiumwa jino anakuja kwako?"

"Marahaba. Kuku hana meno, mwanangu."

"Kwa nini hana?"

"Hilo muulize baba yako," daktari alicheka. "Mimi nimesomea wenye nayo."

Fundi hakuwasikia. Alikwisha kuinama na lenzi, na alichokiona kilimfanya asogeze taa karibu. Kichwa cha sindano kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, waziwazi, kama mtu anayemchungulia jirani, na skrubu zote mbili zilikuwa zimefunikwa kwa rangi nyekundu ya kucha, tabaka juu ya tabaka.

"Nani kafanya unyama huu?"

"Shangazi, nadhani. Rangi ni yake. Ndiyo maana nimekuletea. Mimi kazi yangu kunyoosha meno, kitu kikipinda silali. Nataka iwe sawasawa, fundi."

Waliangaliana kama ndugu waliopoteana.

Daktari alipoondoka fundi alinyanyua mpira unaokaa juu ya sahani ya mashine, akakuta karatasi imekunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka: ILIVYOPINDA IACHWE. Fundi akacheka peke yake. "Wateja!" akasema, akaitupa karatasi kwenye droo. Sikio la kufa halisikii dawa, na la fundi lilikuwa zima kabisa, lakini hapo halikusikia.

Jumanne asubuhi alianza kazi. Kama desturi yake alipima kosa kabla ya kuliondoa, akaandika daftarini: digrii tatu na nusu kuelekea ndani. Kisha akalainisha rangi kwa spiriti, akaikwangua. Tabaka la mwisho lilipotoka, ilipanda harufu, na haikuwa ya spiriti wala ya rangi, ilikuwa ya nywele zinazoungua. Fundi aliangalia waya, akaangalia pasi ya kulehemu, akamwangalia Chiriku, nywele zake zote zipo. Akafungua dirisha akaendelea.

Alikinyoosha kichwa juu ya mistari ya karatasi. Kilikaa kwa urahisi uliomshangaza, kama kilichokuwa kikisubiri. Alipima uzito, ukawa sawa. Akaweka kioo chini ya sindano ili aone kama kichwa kimesimama wima, kwa sababu kichwa na picha yake kiooni lazima viwe mstari mmoja. Kichwa kilikuwa wima. Picha yake ilikuwa imeinama. Alifuta kioo, akatazama tena, imeinama. Akaamua kioo kimezeeka, maana fundi akishaamua jambo haulizwi.

Jaribio la mwisho lilihitaji santuri bubu. Hiyo ni santuri nyeusi tupu isiyo na mfereji hata mmoja, laini kama kigae, haina sauti ndani yake. Sindano ikishushwa juu yake inatakiwa itulie, isivutwe ndani wala nje. Fundi alivaa hedifoni zake ili asikie mota, akashusha mkono.

"Kuku hana meno kwa nini?" sauti ya Chiriku ikasema masikioni mwake.

"Nyamaza kidogo, mama, nasikiliza," alijibu bila kugeuka. Kisha akageuka. Chiriku alikuwa nje kabisa, ng'ambo ya barabara, anaruka kamba.

Alijiambia kwamba nyaya hunasa mambo, redio, simu, hata maneno ya uani. Akazima mashine, akachomoa waya, akaenda kula. Mezani mkewe aliuliza, "Leo huyu ana nini? Hajaniuliza swali hata moja tangu adhuhuri."

"Shukuru," fundi alisema, na wote wakacheka, Chiriku pia.

Jumatano alfajiri alikuta sahani ya mashine inazunguka taratibu, sindano iko juu ya santuri bubu, na waya wa umeme umelala sakafuni pale pale alipouacha. Alisimama mlangoni akiwa na mswaki mdomoni. Kisha aliinua mkono wa mashine, akatoa santuri akaipeleka dirishani. Pembezoni mwake palikuwa na mifereji, myembamba, safi, iliyochongwa kwa ustadi ambao yeye mwenyewe asingeuweza, na kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, alichukua rula akaipima. Sentimita tatu kati ya tisa.

Nyuma yake Chiriku alitoka chumbani, ameamka. "Baba, nataka—" alisema. Midomo yake ikaendelea, haikutoka kitu.

"Unataka nini?"

Mtoto akarudia. Neno "nataka" lilisikika vizuri, lililofuata likawa pumzi tupu. Akaonyesha mtungi. Alitaka maji.

Mama yake alidhani ni mchezo. Alimbembeleza, akamkaripia, mwisho akamtekenya. Cheko lilitoka, lakini halikuwa na sauti, mabega tu yalitikisika, na mama akaondoa mikono yake kwa haraka. Kufikia saa nne Chiriku alikuwa amepoteza "mama". Alisimama mlangoni akiita kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imemtoka, na mama yake aliyekuwa amempa mgongo hakugeuka.

Fundi alifungia santuri bubu kabatini, akatia kufuli. Saa saba mchana, mtaa umelala kwa jua, alisikia ndani ya kabati kitu kinakwaruza, kwaru, kwaru, pumziko, kwaru, kwa mwendo ule ule wa sahani inayozunguka. Akafungua. Mifereji ilikuwa imeongezeka. Ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye alilijutia na hakulijutia: aliirudisha santuri mashineni, akavaa hedifoni, akashusha sindano.

Alisikia "baba". Neno hilo moja tu, kwa sauti ya mwanawe, baba, baba, baba, la kuomba, la kudeka, la kulalamika, la usingizini, yote aliyowahi kuitwa tangu mtoto alipoanza kusema, yamepangwa mojamoja bila kukosea nafasi, na nyuma yake, mbali, kama mtu aliyekaa chumba cha pili akisubiri zamu yake, mwanamke mtu mzima anapumua.

Alizivua hedifoni. Chiriku alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama, midomo yake inakutana mara mbili, inaachana, inakutana. Fundi alijua anaitwa. Alimkumbatia akalia bila aibu.

"Umeleta nini nyumbani kwangu?" mkewe alinong'ona jioni ile, mtoto amelala katikati yao.

"Ni mashine ya mteja."

"Mashine inazunguka bila umeme, baba Chiriku, na wewe bado unaiita ya mteja?"

"Shh. Itasikia."

"Kwani haijasikia?" alisema mkewe kwa sauti ndogo zaidi. "Si ndiyo kazi yake, kusikia?"

Alhamisi asubuhi rula ilisema sentimita sita. Chiriku alikuwa amebakiwa na maneno machache ya ovyo, "kamba", "hapana", "kuku", akiyarudiarudia kwa hofu kama mtu anayeshika vitu vyake vya mwisho. Fundi hakuhitaji kalamu kupiga hesabu. Kesho alfajiri sindano ingefika katikati.

Mkewe ndiye aliyemleta Bibi Mikono. Huyu alikuwa mshona magodoro wa mtaa wa pili, kiziwi tangu ujana, anayesoma midomo yako kabla hujamaliza kuifungua, na watu walimwita kwa magonjwa yasiyo ya hospitali kwa sababu moja rahisi: kitu kinachosema hakina la kumfanya asiyesikia. Aliingia na pamba kwenye kanga yake, hakusalimia, akaweka viganja vyote viwili mezani kando ya mashine. Akavitoa kama aliyeungua.

"Yumo," alisema kwa sauti kubwa ya viziwi, na mke wa fundi akashtuka. "Nani alimfunga?"

Fundi alifungua droo akampa karatasi, akamweleza habari za yule shangazi aliyekuwa bubu na rangi yake ya kucha. Bibi Mikono aliisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Aliyekuandikia hakuwa na mdomo wa kukwambia. Wewe una macho mawili na lenzi juu yake, ukafanya nini?"

"Nilinyoosha."

"Ulinyoosha!" Alipiga paja. "Mwanangu, jini huyu hupita njia iliyonyooka tu. Ukiipinda hukwama. Yule mama alimpindia njia akamfungia kwa rangi ya kucha zake, wewe umemfagilia barabara. Na ukivunja mashine unamwachia dunia nzima. Ilikuwa imepinda kiasi gani?"

Hapo kwa mara ya kwanza ugonjwa wa fundi ulifaa kitu. Akafungua daftari. "Digrii tatu na nusu. Kuelekea ndani."

"Irudishe ilivyokuwa, isizidi wala kupungua. Halafu uzungushe santuri kinyume kwa mkono wako, kutoka ndani kwenda nje. Sauti itarudi njia iliyojia. Lakini dawa hii ni ya mara moja. Ikitoka tena, mwanangu, hairudi."

Kuzungusha santuri kinyume na sindano ikiwa chini! Fundi mwingine angekwambia heri umtie kidole jichoni. Lakini Chiriku alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake akisema "kuku, kuku" kwa sauti inayofifia, na fundi akashika bisibisi.

Alilegeza skrubu. Spika, ambazo hazikuunganishwa na chochote, zikavuta pumzi.

"Fundi," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, nzuri, taratibu, yenye huruma. "Unaharibu kazi."

Mkewe alijifunika uso kwa kanga. Bibi Mikono hakusikia. Aliendelea kuchambua pamba kwenye kanga yake.

"Itazame," sauti iliendelea. "Imepinda. Mtu akija akaiona, akauliza ni kazi ya nani, utasema nini? Sogeza kidogo. Unywele tu. Iwe sawa, upumzike."

Na hapa nawaambieni kweli, mkono wake ulitaka. Harufu ya nywele zinazoungua ilijaa chumba mpaka macho yakamtoka machozi, na mbele yake kile kichwa kilichokaa upande kilimuuma kama jino bovu, na vidole vyake ambavyo kwa miaka ishirini havikuwahi kuacha kitu kimepinda vilianza kusogea vyenyewe, kidogo, kidogo, kurudi kwenye mstari, sauti ikimsifu kila hatua, ndivyo, fundi, ndivyo, hakuna kama wewe, hadi kiganja kigumu cha Bibi Mikono kilipomshika kifundo cha mkono na kukikandamiza mezani kama anayeshona godoro.

"Tatu na nusu!" alifoka.

Fundi akakaza skrubu pale pale kwenye alama nyekundu iliyoachwa na rangi ya kucha. Akashusha sindano karibu na katikati ya santuri, akaweka kidole ukingoni, akaanza kuirudisha nyuma. Mlio uliotoka haukuwa wa kuelezeka, maneno yakivutwa kwa mkia, vicheko vikimezwa, baba ikigeuka abab, na nyuma ya sindano mifereji ilikuwa inajifunga, nyeusi, laini, kama maji yanavyofunga baada ya jiwe, mzunguko baada ya mzunguko, huku ile sauti nzuri ikiacha kubembeleza na kuanza kupiga kelele, kisha kulia, kisha kuomba kwa sauti ya mzee, ya mtoto mchanga, ya mkewe, ya marehemu mama yake fundi mwenyewe, na yeye anazungusha, kidole kinatoka damu, anazungusha, mpaka sindano ikateleza ukingoni ikaning'inia hewani.

Kimya.

"Baba," Chiriku alisema. "Mbona unalia na kazi umemaliza?"

Mama yake alitoa ukelele uliowatoa majirani ndani. Bibi Mikono aliusoma mdomo wa mtoto, akaitikia kwa kichwa, akajifunga kanga yake.

"Mpe mwenyewe mashine yake," alimwambia fundi mlangoni. "Isikae nyumba iliyokwisha kuonjwa. Mpe na karatasi. Umwambie kwa kinywa chako: imepinda, na ibaki imepinda."

"Nitamwambia."

"Umwambie," alirudia.

Fundi alizifunika skrubu kwa gundi. Jumamosi daktari alifika, amevaa shati lililonyooshwa kama karatasi.

"Eeh, fundi, imekaaje?"

Droo ilikuwa hatua moja tu, na karatasi imo. Kusema ilikuwa maneno mawili. Lakini daktari alikuwa anamtazama kwa heshima ile ile ya Jumatatu, na fundi akajiona anamkabidhi mtu kama huyu kazi iliyopinda, kwa mkono wake, jina lake juu yake, na tena aanze hadithi za majini mtaa mzima unasikia.

"Iko sawa, daktari," alisema. "Ila usikiguse kile kichwa. Vipimo vyake ni vya kizamani."

"Ningekigusa kwa nini, kama kiko sawa?"

Wakashikana mikono. Mkewe alipouliza kama amemwambia, alisema amemwambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha maradhi yake mwenyewe, alificha ya mtoto.

Wiki mbili zilipita. Chiriku alisema mchana kutwa, na hakuna aliyemnyamazisha tena. Fundi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

Jumapili walikuwa mezani, wote watatu, mlango wazi, jua limejaa chumbani. Chiriku aliweka kijiko chini.

"Baba, mimi nimeshajua kuku hana meno kwa nini."

"Haya, tuambie."

Simu ikalia. Alikuwa daktari. Fundi alikuwa na mikono ya chakula, akabonyeza kwa kifundo cha kidole sauti itoke nje, akamwashiria mtoto asubiri.

"Fundi, umezeeka!" Daktari alikuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwalimu wake amekosea. "Nilikuwa naitazama tu leo, nikasema mbona kama… Nikachukua kioo changu cha meno. Imepinda, ndugu yangu! Nimeyeyusha gundi yako, nimeinyoosha mwenyewe, sasa iko kamili. Nimeweka santuri niliyoikuta kwenye vitu vya shangazi. Sikiliza."

"Daktari, toa sindano!" Fundi alinyanyuka, kiti kikaanguka. "Toa! Toa sasa hivi!"

"Nini? Sikusikii, kuna mtoto anaongea hapa."

Chiriku hakuweza kusubiri, hajawahi kuweza. "Kuku hana meno kwa sababu," alianza, na midomo yake ikaendelea kwenda, macho yanang'aa kwa utamu wa jibu, mikono inaeleza, na mezani hapakuwa na sauti nyingine ila ya simu.

"Alimwazima mtu," ilisema simu, kwa sauti ya Chiriku, safi, bila kukwaruza hata kidogo, "na mtu akahama nayo."

Mama alimshika mtoto usoni. Chiriku alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, anawatazama mmoja mmoja aone nani atacheka naye.

"Umesikia hiyo?" daktari alisema. "Kitu kikinyooshwa, fundi! Utadhani yumo humu ndani."